Msiisingizie Programu, Fuateni Njia ya Sauti

Siku hizi ukiingia katika chumba chochote cha kurekodia muziki hapa Nairobi, iwe ni kule River Road juu ya duka la vipuri, au katika kijumba cha mtaani kilichotundikwa magodoro ukutani ili kuzuia mwangwi, hutakosa kusikia lawama moja. Programu imeharibika. Programu imekataa. Programu imekula wimbo.

Lawama hiyo imenichosha. Leo ningependa kuwaambia wasomaji wa ukurasa huu, na hasa vijana wetu wanaojiita maprodusa, kwamba mara nyingi programu haina hatia yoyote. Ni mshtakiwa aliyepelekwa kortini kwa kuwa alionekana karibu na mahali pa tukio.

Wako watakaouliza, je, mzee huyu anajua nini juu ya mambo ya kompyuta? Mimi nilipiga gitaa katika bendi wakati nyimbo zingali zikitolewa kwenye santuri, na tangu nilipoacha kusafiri na bendi nimekuwa nikiketi na vijana hawa usiku na mchana wakirekodi injili, benga, taarabu na hiyo gengetone yao. Nimeona mengi, na ninachokiona kila mara ni kwamba kijana akipata tatizo, jambo la kwanza analofanya ni kuhama. Anatoka FL Studio anakwenda Cubase, anatoka Cubase anakwenda Reaper, na tatizo linamfuata huko kote kama kupe. Akizimaliza programu zote anaanza kuilaumu kompyuta, na mwisho anakopa pesa kununua nyingine. Kumbe kilichokuwa na kasoro ni waya ya shilingi mia tano!

Hebu niwakumbushe walivyofanya mafundi wa zamani. Wakati wa kanda zile pana, bendi nzima iliingia chumba kimoja, waimbaji wakasimama mbele ya maikrofoni chache, na mpiga besi akikosea, wote walirudia tangu mwanzo. Sauti ilipopotea, fundi hakukaa akiikodolea macho mashine. Aliinuka kitini. Alianza kwenye maikrofoni, akaifuata waya kwa vidole, akafika kwenye meza ya kuchanganyia sauti, akatazama kila sindano ya kupimia, mpaka akafika kwenye mashine ya kanda yenyewe. Mahali sindano ilipoacha kucheza ndipo palipokuwa na ugonjwa.

Fundi huyo hakuwa na akili kuwashinda vijana wetu, ila aliiona njia ya sauti kwa macho yake. Katika kompyuta njia ile ile ipo, lakini nusu yake imefichwa nyuma ya kioo. Sauti hutoka kinywani ikaingia kwenye maikrofoni, ikapita katika waya hadi kile kisanduku ambacho vijana hukiita kadi ya sauti. Hapo hugeuzwa kuwa tarakimu, ikapokewa na programu ndogo inayoiendesha kadi hiyo, kisha ikaingia katika programu ya kurekodia. Humo hupita kwenye traki yake na plagini zake, ikaenda kwenye traki kuu, halafu ikarudi kwenye kadi na kutokea kwenye spika au hedifoni. Karibu kila tatizo nitakalolitaja leo linakaa mahali fulani katika njia hiyo, na kazi ya fundi ni kupajua mahali penyewe kabla ya kugusa kitu.

Chukua kisa cha kukosa sauti kabisa, ambacho ni rahisi kuliko vyote na bado huwapotezea watu saa nyingi. Kadi ya sauti huwa na taa au kipimo kidogo karibu na kirungu cha kuongezea sauti. Imba kwenye maikrofoni huku ukiitazama taa hiyo. Isipowaka, programu usiiguse, kwa sababu sauti haijafika hata mlangoni kwake. Angalia waya. Angalia kama maikrofoni yako ni ile aina ya kondensa, ambayo huwa bubu mpaka ubonyeze kitufe cha volti 48 kwenye kadi.

Taa ikiwaka na programu bado haisikii, ndipo uingie ndani. Je, programu imechagua kadi hiyo, au imechagua kile kimaikrofoni kidogo cha laptopu? Je, traki imewekwa tayari kwa kurekodi? Na kuna jambo moja ambalo huwahadaa hata wazoefu. Tangu 2018 kompyuta za Windows na za Apple zina mlango wa faragha unaoweza kuizuia programu isiipate maikrofoni. Mlango huo ukiwa umefungwa, programu huweza kurekodi ukimya mtupu bila kulalamika, na wewe utafungua na kufunga mpaka uchoke. Ruhusa hutolewa katika mipangilio ya kompyuta, wala si katika programu ya muziki.

Na kama mawimbi yanaonekana kwenye kioo lakini husikii chochote, huenda kompyuta inapeleka sauti kwenye televisheni uliyoiunganisha nayo, au kuna mtu aliyebonyeza kitufe cha kuisikiliza traki moja pekee akasahau kukifungua.

Sasa tuje kwenye mikwaruzo, maana huu ndio ugonjwa unaowaliza wengi. Wimbo unakwenda vizuri, mara unasikia ta-ta-ta, kama mtu anayekanyaga majani makavu. Kijana anasema programu ni mbovu. Ngoja kwanza, ndugu yangu. Mikwaruzo iko ya aina mbalimbali, na dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Icheze sehemu hiyo mara tatu na usikilize kwa makini. Ikiwa mikwaruzo inahama, safari hii iko kwenye ubeti, safari nyingine kwenye kiitikio, basi rekodi yako ni nzima na kompyuta ndiyo inayoshindwa kukimbia. Ikiwa inatokea mahali pale pale kila mara, shusha kabisa sauti ya traki hiyo na ya traki kuu, kisha usikilize tena. Mikwaruzo ikitoweka, ulikuwa umezijaza traki kupita kiasi wakati wa kuchanganya, na kushusha tu kunatosha. Ikibaki ijapokuwa sauti imekuwa ndogo, basi imo ndani ya rekodi yenyewe. Likuze wimbi kwenye kioo ulitazame. Ukiona vilele vyake ni bapa kama mlima uliokatwa kichwa, mwimbaji alipiga kelele kuliko uwezo wa kadi. Ukiona pengo au mkato wa ghafla, kompyuta ilikwama wakati wa kurekodi, au waya ilikuwa ikilegea.

Majaribio hayo hayamalizi hata dakika tano, lakini ni wangapi wanaoyafanya? Nimemwona kijana akinunua programu ya kusafishia sauti ili kuondoa mikwaruzo ambayo haikuwamo katika rekodi.

Kwa kompyuta iliyoshindwa kukimbia, dawa imo katika kitu kiitwacho bafa. Hii ni akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kwanza kabla ya kuishughulikia, kama utingo anayengoja abiria wajae ndipo apige mabati gari liondoke. Akiba ikiwa ndogo, kompyuta inahimizwa kila wakati, na ikichelewa kidogo tu kunatokea mkwaruzo. Akiba ikiwa kubwa, kompyuta inapumua, lakini sauti inachelewa.

Hesabu yake si ngumu. Kama unarekodi kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 ni karibu milisekunde 3. Bafa ya 1,024 ni milisekunde 23. Hewani sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 23 ni kama kumsikiliza mtu aliye mita 8 kutoka kwako. Na kwa kuwa sauti husubiri ikiingia na kusubiri tena ikitoka, mwimbaji aliyevaa hedifoni hujisikia kana kwamba yuko mita 16 kutoka kwa kinywa chake mwenyewe. Halafu mnamfokea ati hajui kwenda na mdundo! Mimi nimeshuhudia binti mwenye sauti ya ajabu akitolewa machozi kwa sababu hiyo, akaambiwa akafanye mazoezi. Alipowekewa bafa ya 128 aliimba wimbo wote mara moja.

Basi wakati wa kurekodi weka bafa ndogo, na wakati wa kuchanganya iweke kubwa, kwani hapo hakuna anayejisikiliza. Kadi nyingi za sauti pia zina kitufe au kirungu kinachopeleka sauti moja kwa moja kutoka maikrofoni hadi hedifoni bila kupitia kompyuta, kitumieni. Tena ondoeni plagini nzito kwenye traki kuu mpaka kazi ya kurekodi iishe. Baadhi yake hutazama mbele kabla ya kufanya kazi, yaani huichelewesha sauti makusudi, na hata bafa ikiwa ndogo namna gani mwimbaji ataendelea kuchelewa. Wenye Windows wahakikishe pia kwamba wanatumia kiendeshi cha ASIO kilichotoka kwa watengenezaji wa kadi yao. Mfumo huo uliletwa na Steinberg wa Ujerumani mnamo 1997 kwa ajili ya tatizo hili hili.

Na hao wanaorekodi kwa sauti ya juu mpaka taa nyekundu iwake, ningependa kujua wamefundishwa na nani. Zamani ilikuwa na sababu. Kanda ilikuwa na mchakacho wake wa chini kwa chini, hivyo fundi aliijaza sauti ili iufunike. Leo rekodi ya biti 24 ina nafasi ya desibeli 144 kwa hesabu ya karatasi, na hata rekodi ya biti 16 ina 96. Mwimbaji anapofika kilele chake, kipimo kikisoma desibeli 10 au 12 chini ya sufuri, hapo hujapoteza chochote. Sauti ndogo inaweza kukuzwa baadaye. Iliyopasuka imepasuka; kuna programu za kuikarabati, lakini mimi sijasikia hata moja inayoirudisha ilivyokuwa kinywani.

Tatizo jingine huwashangaza watu mpaka wanataja uchawi. Wimbo uliorekodiwa leo ukifunguliwa kesho unakwenda pole pole, na sauti ya msichana imekuwa nzito kama ya kaka yake. Hapo hakuna mchawi. Rekodi ilifanywa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, nayo inachezwa na mashine inayodhani ni 44,100. Wimbo wa dakika 4 unarefuka hadi dakika 4 na sekunde 21, na sauti inashuka kwa pungufu kidogo ya nusu toni moja na nusu, hata hakuna gitaa lililo sawa nayo. Ikiwa imegeuzwa kinyume, wimbo unakimbia na waimbaji wanalia kama vifaranga.

Viwango hivi viwili vina historia. Kile cha 44,100 kilienea pamoja na sahani za CD ambazo Sony na Philips walizitoa mwaka 1982, na 48,000 kikawa cha watu wa filamu na video. Ndiyo maana tatizo hili hupata sana makwaya, kwa sababu sauti hurekodiwa studio na picha hupigwa na mtu mwingine mwenye kamera yake. Ulizaneni kabla ya kuanza. Na kama limeshatokea, msiburute wimbi kwa kipanya ili lilingane. Iambieni programu kiwango cha kweli cha faili, nayo itageuza yenyewe.

Mvumo nao? Ule wa mmm unaosikika chini ya gitaa? Stima yetu hapa Kenya huyumba mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo hukaa hapo kwenye 50, halafu 100, halafu 150. Chomoa chaja ya laptopu, utumie betri. Mvumo ukikoma, umempata mwizi. Mara nyingi dawa ni kuvichomeka vyombo vyote kwenye soketi moja, au kutumia waya nzuri za maikrofoni badala ya zile nyembamba za kuokoteza. Lakini nawasihi wale wanaokata waya wa ardhini ili kuondoa mvumo waache mara moja. Waya huo uliwekwa ili umeme ukitoroka usipitie kwa mwimbaji aliyeshika maikrofoni ya chuma.

Ngoma ikisikika nyembamba baada ya kuweka maikrofoni mbili, bonyeza kile kitufe chenye duara lililokatwa na mstari katika traki moja. Sauti ikinenepa, kiache hapo. Isiponenepa, sogeza maikrofoni. Na kila mchanganyiko wa sauti usikilizwe pia ukiwa umeunganishwa kuwa mkondo mmoja, kwani simu nyingi na spika nyingi za vibandani hazina kulia wala kushoto, na kuna nyimbo ambazo mwimbaji hutoweka kabisa humo.

Sasa hebu nizungumzie programu inayojifunga yenyewe katikati ya kazi, maana hapa angalau kuna kosa la upande wa kompyuta. Hata hivyo, mara nyingi mkosaji ni plagini moja tu, na programu kubwa inafungwa kwa sababu ya mgeni iliyemkaribisha. Kijana mwenye plagini 32 katika wimbo huanza kuziondoa moja moja, na kufikia saa nane za usiku amekata tamaa. Zima nusu. Programu ikiendelea kujifunga, mkosaji yumo katika 16 zilizobaki. Ikitulia, yumo katika zile ulizozizima. Gawanya tena nusu. Kutoka 32 unafika 16, kisha 8, 4, 2, na 1. Hatua tano umemshika.

Na mara nyingi nimekuta kwamba aliyeshikwa ni plagini ya wizi, iliyovunjwa kufuli na mtu asiyejulikana na kupitishwa kwenye flashi kutoka studio hadi studio. Najua ugumu wa maisha. Lakini mtu anayelalamika usiku na mchana kwamba nyimbo zake zinaibwa, huku yeye mwenyewe anafanya kazi kwa vyombo vya wizi, atanisamehe nisipomlilia sana. Isitoshe, siku hizi kuna njia za halali. Audacity ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 2000. Ardour ni ya chanzo huria. Reaper hukuruhusu kuijaribu kwa siku 60 ikiwa kamili, na leseni yake ya watu wadogo ni dola 60. Tena programu nyingi kubwa huja na plagini zao wenyewe, ambazo zinatosha kabisa kwa mtu anayejua anachotafuta.

Katika jambo linalofuata najua nitagombana na watu. Vijana wanataka wimbo wao uwe na kelele kuliko wa jirani, basi wanaubana na kuubana mpaka ngoma, besi na mwimbaji wote wanakuwa kitu kimoja, kama ugali uliopikwa pamoja na mboga yake. Halafu wanakuja kuuliza kwa nini wimbo ukiwekwa kwenye Spotify au YouTube unasikika mdogo kuliko walivyouacha. Jibu ni kwamba mitandao hiyo hupima ukali wa kila wimbo, kwa kipimo kilichotokana na kanuni ya shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, ya mwaka 2006, na ule unaozidi hushushwa. Spotify kwa kawaida hulenga -14 kwa kipimo hicho kiitwacho LUFS. Ukiwapelekea wimbo wenye -7, watauteremsha kwa desibeli 7, na utakaa pale chini ukiwa umebanwa pumzi, kando ya wimbo wa mtu aliyeiacha ngoma yake iruke. Mtengenezaji hapati faida yoyote, na msikilizaji anachoka asijue kwa nini. Sikilizeni mpiga gitaa wa benga akiwa peke yake, jinsi kila uzi unavyopasuka kama punje ya mahindi kwenye kikaango. Uzuri wote umo katika kile kipande kifupi cha mwanzo wa mlio, na hicho ndicho kinachokatwa kwanza.

Kuna na suala la lugha, ambalo linauhusu ukurasa huu moja kwa moja. Programu ikipata shida huandika maneno kwenye kioo, na maneno hayo huwa ya Kiingereza cha kifundi. Kijana hayasomi. Hubofya haraka ili yaondoke, kama mtu anayemfukuza inzi. Kumbe mara nyingi yalikuwa yakimwambia jina la faili isiyopatikana, au kadi iliyokatika. Nimewaambia wanangu pale studioni wayapige picha kwa simu kabla ya kuyafuta, kisha tuyafasiri pamoja. Wataalamu wetu wa Kiswahili wametupatia istilahi za sayansi, za bunge na za mahakama. Mbona mafundi wa sauti wasipewe kijitabu chao, chenye maneno ya bafa, ya kupasuka kwa sauti na ya kuchelewa, ili yule aliyemaliza darasa la nane aweze kuelewa anachoambiwa na mashine?

Nimesema maneno hayo huwa yanataja faili isiyopatikana, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mwaka mmoja walinijia akina mama wa kikundi cha nyimbo za asili. Walikuwa wamechangishana pesa mwaka mzima wakarekodi nyimbo sita katika studio moja ambayo sitaitaja. Waliyempenda zaidi miongoni mwao, nyanya aliyeanzisha kila wimbo, alifariki miezi michache baadaye. Wakataka zile nyimbo zichanganywe upya, sauti yake itokeze. Studio ikawapa flashi. Mmoja wao akaitoa ndani ya kitambaa na kuniambia, "Mzee, hebu tufungulie tumsikie nyanya."

Niliitazama flashi hiyo kabla hata ya kuifungua nikajua. Ilikuwa na faili sita, na zote kwa jumla hazikufika megabaiti 2. Msomaji, fanya hesabu hii nami. Sauti ya mtu mmoja iliyorekodiwa kwa biti 24 na sampuli 48,000 huchukua karibu megabaiti 8.6 kila dakika. Wimbo wa dakika 4 ni zaidi ya megabaiti 34 kwa traki moja. Wakiwa na traki 12, wimbo mmoja ni megabaiti 415 hivi, na nyimbo sita zinakaribia gigabaiti 2 na nusu. Kilichokuwa kwenye flashi ni faili za kazi pekee, yaani maagizo ya jinsi ya kuzipanga sauti: hii ianze hapa, ile ishushwe pale. Sauti zenyewe zilibaki kwenye diski ya studio, na diski hiyo ilikuwa imefutwa ili kupata nafasi ya kazi nyingine.

Nilizifungua mbele yao. Zilikuja traki zote na majina yao, moja imeandikwa jina la marehemu, na ndani yake mna kijivu kitupu. Programu ilikuwa ikiuliza sauti ziko wapi. Walikaa kimya, halafu mmoja akauliza kama nikinunua programu nyingine bora zaidi itazipata. Sikuwa na jibu la kumfurahisha. Kilichobaki ni ule mchanganyiko wa kwanza kwenye simu ya mjukuu wake, ambamo nyanya anasikika kwa mbali nyuma ya kinanda.

Ndiyo maana sikubali tena kusikia kwamba programu imekula wimbo. Kila programu kubwa ina amri ya kuhifadhi kazi pamoja na nakala za sauti zake zote katika folda moja, na anayeendesha studio kwa pesa za watu hana budi kuijua amri hiyo kama anavyojua kuwasha taa. Stima hupotea kwetu bila kubisha hodi, basi aiweke programu ijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika tano. Diski hufa. Laptopu huibwa kwenye matatu. Nakala mbili, kila moja katika nyumba yake, si gharama kubwa ukilinganisha na kuwakusanya watu ishirini upya.

Na nyinyi mnaolipa, waimbaji, makwaya na vikundi vya harusi, msiridhike na wimbo uliokwisha kuchanganywa pekee. Dai kila sauti ikiwa peke yake, katika faili za WAV, zote zikianzia sufuri, ili ziweze kufunguka katika programu yoyote hata miaka ishirini ijayo. Dai karatasi yenye kiwango cha sampuli na kasi ya wimbo. Kisha, kabla hamjamaliza kulipa, chomekeni flashi hiyo kwenye kompyuta nyingine, isiyo ya studio hiyo, na mfungue nyimbo zote moja baada ya nyingine. Usipoisikia sauti ya kila mmoja wenu pale, pesa zilizosalia zikae mkobani mwa mweka hazina mpaka isikike.